Uzi: Jiko dogo la nyumba ya kupanga, akiba ya chakula tuiweke wapi?

#1 MpangajiSinza
Habari zenu wadau.

Naishi nyumba ya kupanga hapa Sinza, na jiko letu lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 2.4. Ukiondoa kaunta ya zege, sinki, friji na jiko la gesi la plati mbili, sakafu inayobaki inamtosha mtu mmoja, tena asiwe na haraka. Chini ya kaunta kuna kabati lenye kina cha sentimita 60, ambamo tumesukumia kila kitu: mchele, sembe, unga wa ngano, maharage, dengu, choroko, sukari, chumvi, mafuta ya alizeti na makopo ya viungo. Kinachoingia nyuma hakionekani tena, na ndiyo maana tunanunua choroko mpya wakati za zamani bado zipo.

Hoja yangu, ambayo nawakaribisha muipinge, ni kwamba nafasi hatujaikosa, bali tunayo mahali pasipofaa. Kabati lenye kina cha sentimita 60 ni la masufuria. Chakula kinataka rafu nyembamba, ya sentimita 15 hivi, ambapo kopo moja halisimami mbele ya jingine. Rafu ya namna hiyo inaweza kukaa nyuma ya mlango, juu ya fremu ya mlango, au kwenye upenyo ulio kati ya friji na ukuta. Kikwazo ni kimoja: mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili. Wenye majiko kama haya mmefanyaje?

#2 KwaMangi
Ndugu yangu, unahangaika kujenga ghala wakati ghala lipo hatua chache kutoka mlangoni kwako. Mangi anafungua kabla hujaamka na anafunga baada ya wewe kulala, anauza robo ya sukari, nusu ya mchele na mafuta ya kupima, na wadudu wakiingia kwenye gunia hasara ni yake. Kwa nini ulipie kodi nafasi ya kuhifadhi kilo 25 za mchele ambazo mwenzio amekubali kukutunzia bure?

#3 MamaWatatuTabata
Si bure, KwaMangi. Utunzaji huo unaulipia kila siku ndani ya bei ya kupima, ila kwa sababu unaulipa kidogo kidogo hauuoni. Sisi watu watatu wa jengo moja huwa tunachanga, tunakwenda Tandale, tunanunua gunia la mchele na maharage, kisha tunagawana. Nafuu inaonekana wazi mwisho wa mwezi. Vilevile umesahau chakula cha zawadi. Mwenye wazazi Mbeya au Kyela hachagui kununua kidogo: gunia linapandishwa basi, anapigiwa simu alifuate kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, na likishafika nyumbani ni lazima lipate pa kukaa.

#4 BiMkubwaIlala
Hamjambo wanangu.

Nyumba zetu za zamani za Ilala na Kariakoo, zile zenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, hazikuwa na jiko ndani. Jiko lilikuwa uani, na hapo hapo uani palikuwa na stoo. Nafaka ilikaa kwenye madebe yenye mifuniko, yakiwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu, na chakula kilichobaki usiku kiliwekwa kwenye susu iliyoning'inia mahali penye upepo, paka na panya wakabaki kutazama. Baadaye watu wakataka jiko liingie ndani. Jiko likaingia, stoo ikabaki nje, na muda si mrefu ile stoo ikapakwa rangi, ikawekewa mlango na kupangishwa kijana. Huo udogo wa jiko unaoulalamikia umeanzia huko. Hakuna aliyesahau stoo kwenye ramani. Imo, ila inalipiwa kodi na mtu mwingine.

#5 Mwenye_Nyumba
Shikamoo Bi Mkubwa. Nakubali historia, lakini lawama siipokei yote. Kiwanja cha mjini ni kidogo, na mpangaji anapokuja kutazama nyumba huuliza kwanza idadi ya vyumba vya kulala, kisha maji, kisha luku kama ni ya peke yake. Sijapata mpangaji aliyeniuliza stoo ya chakula iko wapi. Ningejenga stoo, angeniambia nimpunguzie kodi kwa sababu sebule imekuwa ndogo.

Kuhusu drili, tatizo langu ni ukuta. Tofali nyingi za mitaani zimepigwa kwa saruji kidogo na mchanga mwingi. Ukitoboa tundu la milimita nane linatoka tundu la kuingiza kidole gumba, plipu, yaani kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu, inachomoka na mzigo wake, na mpangaji akihama ananiachia ukuta wenye majeraha.

#6 KwaMangi
Mwenye_Nyumba, hizo tofali za saruji kidogo alizinunua nani?

#7 Mwenye_Nyumba
Nilizikuta zimeshapangwa. Tuendelee na mada.

#8 SeremalaKeko
Nimefanya kazi nyingi za majiko ya namna hii, kwa hiyo niseme machache yanayohusu mbao na uzito.

MpangajiSinza, rafu nyembamba ni wazo zuri, ila usiifunge kwenye mlango kabla hujapiga hesabu. Chukua rafu yenye upana wa sentimita 80. Makopo ya lita moja, yenye kipenyo cha sentimita 10, yatakaa manane kwa mstari. Ukiwa na mistari sita una makopo 48. Kopo la lita moja lililojaa mchele lina uzito wa takriban gramu 800, hivyo umeutwika mlango karibu kilo 40 bila kuhesabu mbao na makopo yenyewe. Milango mingi ya ndani siku hizi ni plaiwudi mbili zilizobanwa kwenye fremu, katikati kukiwa na uwazi. Bawaba zitalegea, mlango utaanza kukwaruza sakafu, na mwenye nyumba atakuwa na kesi nyingine. Mlangoni weka viungo, majani ya chai na vitu vyepesi tu.

Kama huruhusiwi kutoboa, tengeneza rafu inayosimama kwa miguu yake kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, kisha juu uibane kwa kabari ya mbao iliyofungwa kipande cha mpira, ili isukume boriti bila msumari. Ikiwa dari ni ya jipsam, kabari ikae chini ya boriti na si katikati ya ubao wa jipsam, kwa maana jipsam haina nguvu ya kusukumwa.

Kuhusu malighafi: chipbodi itazame tu dukani. Kwa unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, kingo zake hunyonya maji, huvimba na kuachia skrubu. MDF ni afadhali kidogo, lakini nayo haitaki maji ya sinki. Paini iliyokauka vizuri na kupakwa vanishi pande zote sita, hata ule upande unaogusa ukuta, hudumu na bei yake inavumilika. Mninga ni mzuri kuliko yote, lakini kwa rafu ya dengu ni fahari tu.

#9 AlminiamuTemeke
Fundi amesahau alminiamu, labda kwa makusudi. Haivimbi, hailiwi na mchwa, inafutwa kwa kitambaa, na mpangaji akihama anaifungua na kuondoka nayo.

#10 SeremalaKeko
Sikuisahau. Fremu ni ya alminiamu, lakini ubao wa ndani mnaweka nini? Mara nyingi ni chipbodi ile ile niliyoitaja. Kadhalika zile njia za reli ni mtaa wa mende.

#11 MchoraRamani
Naongeza mfano wa kihistoria, kwa sababu swali hili lina umri wa karibu miaka mia. Mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Austria aliyekuwa mbunifu wa majengo, alichora jiko la nyumba za gharama nafuu katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Jiko hilo lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, yaani eneo lake halifiki mita za mraba saba, na lilijengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Nafaka na vitu vikavu viliwekwa kwenye droo ndogo za alminiamu zenye mpini na mdomo wa kumiminia, zikiwa na majina ya sukari, mchele, unga na kadhalika. Unachomoa droo, unamimina, unairudisha. Jiko lilikuwa jembamba, lakini lilianza na swali la kila kitu kitakaa wapi, na kuta zikafuata. Hapa kwetu kaunta inajengwa kwanza, halafu mama mwenye nyumba anaambiwa ajipange.

#12 MsomajiUpanga
Ahsante MchoraRamani, ila nisahihishe jambo moja. Unga haukuwekwa kwenye alminiamu. Droo za alminiamu zilikuwa za sukari, mchele na vitu vya namna hiyo, bali chombo cha unga kilitengenezwa kwa mbao za mwaloni, kwa sababu iliaminika kwamba mwaloni huwafukuza viwavi wa unga. Hata rangi ya kabati, buluu yenye ukijani, ilichaguliwa kwa imani kwamba nzi hawaipendi.

#13 MchoraRamani
Sahihi, umenikumbusha. Hapa mwaloni hatuna, na nzi wa Buguruni sidhani kama wanajali rangi.

#14 AfisaKilimoMstaafu
Naomba niingie kwenye suala la wadudu, kwa sababu naona mnapanga rafu bila kujua ni nini mnakiweka juu yake.

Wengi wanadhani fukusi wanaingia kutoka jikoni. Mara nyingi mmekuja nao kutoka sokoni. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu, na lava hukulia humo humo. Kwa joto la Dar anatoka mzima baada ya mwezi mmoja hivi, ndipo unapoona mchele unatembea. Wale wadogo wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoonekana kwenye unga ni jamii nyingine. Hao hawawezi punje nzima, wanafuata unga na chenga. Mwingine ni dumuzi, ambaye wakulima wetu walimpa jina la Scania. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia nchini kupitia Tabora karibu na mwaka 1980, na hula mahindi makavu hadi yakawa vumbi.

Kwa hiyo rafu, hata iwe nzuri vipi, haitakusaidia kama chombo kinapitisha hewa. Kinachomuua mdudu bila sumu ni kukosa oksijeni. Ile mifuko ya PICS, ambayo ina tabaka mbili za nailoni nzito ndani na kiroba nje, inafanya kazi kwa njia hiyo: wadudu waliomo wanaimaliza hewa wenyewe, kisha wanakufa. Kwa jiko dogo, tumia ndoo yenye mfuniko wa kubana na mpira, uijaze hadi juu, kwani ndoo iliyojaa nusu ina hewa ya kuwatosha wadudu kwa muda mrefu.

Mwenye friza aweke mchele au unga humo kwa siku nne kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri; mayai na lava hufa. Ukiutoa, usifungue mfuko hadi urudie joto la kawaida, la sivyo umande utauloanisha na utapata ukungu.

#15 BiMkubwaIlala
Mwanangu, sisi tulitia majani makavu ya mwarobaini na maisha yakaenda. Maharage tulichanganya na jivu lililochekechwa.

#16 AfisaKilimoMstaafu
Jivu nalikubali, Bi Mkubwa. Linakwaruza na kukausha ngozi ya mdudu, na linajaza nafasi kati ya punje asipate pa kupita. Mwarobaini hufukuza, lakini aliye ndani ya punje hana habari na majani yaliyo nje.

#17 MamaWatatuTabata
Nami naona mnamwonea Mangi na soko bure. Mchele ule ule tuliogawana watu watatu, kwa jirani wa ghorofa ya juu uliingia wadudu, kwangu haukuingia. Kama mayai yalitoka sokoni, yangetoka kwetu sote. Yeye anaishi chini ya bati lenye joto na dirisha lake linaelekea jua la jioni. Kwangu jiko liko upande wa kivuli. Mimi naamini joto ndilo lenye makosa.

#18 AfisaKilimoMstaafu
Joto linaharakisha, haliumbi. Inawezekana kwako walikuwemo, ila mliwahi kuumaliza mchele.

#19 MamaWatatuTabata
Tumeumaliza? Tulikula wadudu, basi?

#20 KwaMangi
Protini, dada.

#21 MfanyakaziPosta
Naomba kuuliza: zile tembe za kijivu zinazowekwa kwenye maghala ya nafaka, mtu akiweka moja kwenye ndoo ya mchele na kuifunga vizuri, haisaidii? Dukani zinapatikana.

#22 AfisaKilimoMstaafu
Usifanye hivyo kamwe. Tembe hizo zina fosfaidi ya alminiamu, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu kama inavyoua wadudu. Ni kwa ajili ya maghala yanayofungwa na kusimamiwa na watu waliofundishwa, mbali na wanapolala binadamu. Katika nyumba ya vyumba viwili, ambako jiko na chumba cha kulala vinatenganishwa na pazia, ni hatari kubwa. Anayeuza kwa rejareja bila kuuliza matumizi anakosea.

#23 MfanyakaziPosta
Nimeelewa. Ahsante mzee.

#24 MpangajiSinza
Nashukuru kwa michango. Nimepima upya baada ya kusoma Na. 8. Nyuma ya mlango nitaweka viungo pekee. Kati ya friji na ukuta kuna upenyo wa sentimita 22, na juu ya fremu ya mlango kuna sentimita 80 hadi kufika dari. Nilikuwa nawaza: hapo juu ya mlango zikae ndoo mbili za lita 20, kila moja kiroba cha mchele cha kilo 25, na kwenye upenyo wa friji iingie rafu yenye magurudumu. Mnaonaje?

#25 MsomajiUpanga
Hesabu haiingii. Lita moja ya mchele ni takriban gramu 800, kama alivyosema fundi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inabeba kilo 16 au 17 tu. Kilo 25 zinataka chombo cha lita 30 na zaidi, na unga, kwa kuwa ni mwepesi, unataka kikubwa kuliko hicho.

#26 SeremalaKeko
Hata zingeingia, kilo 17 juu ya kichwa cha mtu aliyesimama kwenye kigoda si mpango. Vizito vikae chini ya kiuno, vyepesi vipande juu. Juu ya mlango weka tambi, majani ya chai, karatasi za jikoni. Rafu ya magurudumu isizidi upana wa sentimita 15, maana friji nayo inahitaji nafasi ya kupumua. Ile mirija iliyo nyuma au ubavuni mwake inatoa joto, na ukiiziba mota itafanya kazi mchana na usiku, luku ikalia.

#27 MamaWatatuTabata
Na kwa hoja ya joto, kule juu karibu na dari ndiko kubaya kuliko kote. Hewa ya moto inapanda, na wengine hatuna dari, tuna bati tupu. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva hata ukeshe nayo jikoni, na gesi uliyodhani umeokoa inaishia hapo. Dona ndiyo usithubutu kabisa: ile imesagwa pamoja na kiini cha mhindi chenye mafuta, hivyo huanza kunuka mapema kuliko sembe iliyokobolewa. Juu ya friji pia si mahali pa viazi wala unga, ingawa najua kila nyumba hapa mjini ina kitu juu ya friji.

#28 MchoraRamani
Ndiyo, kitambaa cha kufuma na ua la plastiki.

#29 DerevaMbagala
Kuna sehemu ambayo hakuna aliyeitaja na sote tunaitumia: chini ya kitanda. Gunia la mchele kwangu linakaa hapo juu ya kipande cha plaiwudi, na jiko linapumua. Kitanda kina eneo kubwa kuliko sakafu iliyobaki kwenye jiko la MpangajiSinza.

#30 AfisaKilimoMstaafu
Panya nao wanalijua eneo hilo. Kama ni lazima, nafaka iwe ndani ya chombo kigumu chenye mfuniko, kwa kuwa kiroba ni kazi ya usiku mmoja. Tena ukipuliza dawa ya mbu chumbani, gunia lisiwepo.

#31 Jikosafi
Mimi nafasi niliipata bila kujenga chochote. Zamani gunia la mkaa lilikuwa limesimama kwenye kona ya jiko, pamoja na jiko lenyewe la mkaa, karai la majivu na kibao cha kuvunjia. Tulipohamia kwenye gesi, kona nzima ikawa huru, ndipo nikaweka rafu ya chuma iliyochomelewa Gerezani. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024 kwa lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na wote wanazungumzia moshi na misitu. Nafasi ya sakafu hawaitaji, na kwa mpangaji hiyo ndiyo inayoonekana siku ya kwanza. Mtungi wa gesi nimeuficha kabatini chini ya sinki, hauonekani kabisa.

#32 MhandisiKimara
Jikosafi, uondoe leo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inatulia chini, na ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya hadi apatikane wa kuwasha kiberiti. Mtungi usimame wima mahali panapopita hewa, na ikiwezekana uwe nje ya ukuta kwenye kibanda kidogo cha wavu, mpira upite kwenye tundu. Ukiutoa, utakuwa umepata nafasi nyingine ya chakula.

#33 Mwenye_Nyumba
Tundu tena!

#34 MhandisiKimara
Tundu moja la mpira wa gesi ni nafuu kuliko paa, mzee wangu.

#35 DadaMwananyamala
Nimesoma tangu juu, na naona wanaume wengi wanapima kuta. Tusemezane ukweli. Katika majiko mengi chakula hakikosi nafasi. Nafasi imechukuliwa na vyombo. Binti anafanyiwa kicheni pati, anarudi na hotpoti saba, seti mbili za sufuria, majagi, trei za wageni na blenda ambazo hata boksi halijafunguliwa. Kabati la jikoni linajaa hivyo, sebuleni kuna kabati jingine la kioo lenye vyombo ambavyo mgeni wa kuvilia hajazaliwa, halafu mchele unalala sakafuni. Mimi niligawa nusu kwa wadogo zangu, na kabati lile lile la sentimita 60 likawa kubwa. Ndani yake nimeweka trei mbili ndefu za plastiki: navuta trei, cha nyuma kinakuja mbele. Hakuna fundi aliyekanyaga.

#36 SeremalaKeko
Trei za kuvuta ni wazo jema, ingawa linaniharibia biashara. Chagua zenye kingo za juu, na ndefu kidogo kuliko nusu ya kina, la sivyo zitapinduka zikivutwa.

#37 BiMkubwaIlala
Vyombo vya harusi havigawiwi, binti. Siku ukipata msiba au maulidi utavitafuta.

#38 DadaMwananyamala
Shikamoo Bi Mkubwa. Siku ya msiba tunakodi, na sahani zinakuja na turubai lake.

#39 KwaMangi
Kabla hatujafunga hesabu ya vinavyojaza makabati, kuna pia ile mifuko ya rambo. Marufuku ilianza Juni 1, 2019, lakini fungua droo ya mama yeyote, utaikuta imekunjwa pembetatu ikingoja sheria ibadilike.

#40 MpangajiSinza
Suala la trei nitalijaribu mwisho wa mwezi huu, kwa kuwa halihitaji ruhusa ya mtu. Lakini vitunguu na viazi bado vinanisumbua. Navyo vinakaa kwenye trei?

#41 MamaWatatuTabata
Hapana, na visikae pamoja. Kitunguu kinataka hewa, kitundike kwenye wavu au kapu, na hapo susu ya Bi Mkubwa inarudi kazini. Kiazi kinataka giza. Kikipata mwanga kinageuka kijani na kutengeneza sumu ya solanini, kwa hiyo kikiwa kijani kitupe, usikimenye juu juu. Vikikaa kapu moja kimoja kinachipua na kingine kinaoza. Na kwa Dar, viazi usinunue vya wiki tatu.

#42 MhandisiKimara
Susu itundikwe kwenye boriti. Jipsam imeshatajwa.

#43 MfanyakaziPosta
Swali dogo kuhusu Na. 35. Hizo hotpoti ambazo Bi Mkubwa hataki zigawiwe, kwa nini tusizitumie kuhifadhia nafaka? Zina mfuniko, panya hawezi kuzitoboa kwa urahisi, na tayari zimo kabatini.

#44 DadaMwananyamala
Jambo hilo nalikubali. Kwangu hotpoti kubwa iliyobaki ina kilo tatu za dengu, nyingine ina sukari.

#45 AfisaKilimoMstaafu
Dengu ziangalie. Mfuniko wa hotpoti unazuia joto lisitoke haraka, lakini nyingi hazina mpira wa kubana hewa, na fukusi wa jamii ya kunde hahitaji tundu kubwa. Sukari nayo sisimizi watapita. Humo weka vitu vilivyo kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa, kama tambi, na nafaka iache kwenye ndoo yenye mpira.

#46 MamaWatatuTabata
Tambi zikiwa kwenye pakiti ya karatasi nazo hutobolewa. Nimeona.

#47 AfisaKilimoMstaafu
Pakiti ya karatasi ndiyo, inatobolewa. Nilikuwa nazungumzia ya nailoni.

#48 MamaWatatuTabata
Hata ya nailoni nyembamba, mzee. Nitakupigia picha kesho kukicha.